Mzamiaji? Hapana, wa kujitegemea

Katika mpira wa kikapu wa vyuo vya Marekani kuna mtu aitwaye "walk-on", na mfasiri akifika hapo hujikuna kichwa. Ni mwanafunzi aliyeingia timuni bila ufadhili wa michezo. Ada anaitafuta mwenyewe, jasho la mazoezi ni lilelile, na siku ya mechi anakaa mwisho wa benchi, taulo mkononi.

Wapo watakaomwita mzamiaji. Siafiki. Mzamiaji hula pilau ya harusi asiyoalikwa. Huyu, kocha amempima na kumkubali. Baraza la Mitihani la Tanzania lina "mtahiniwa wa kujitegemea", basi nasi tuseme "mchezaji wa kujitegemea". Jina hilo halina madoido, ila linasema kweli.

Neno tamu zaidi ni la takwimu za wachezaji hawa. Mark Titus, aliyekuwa mchezaji wa aina hii Ohio State, alilipa umaarufu neno "trilioni". Tazama mstari wa takwimu zake: dakika 1, kisha sifuri, sifuri, sifuri, pointi hakuna, ribaundi hakuna, hata faulo hakuna. Moja na msururu wa sifuri. Trilioni hiyo, na mfukoni hamna kitu!

Lakini msiwacheke. Scottie Pippen aliingia Central Arkansas mwaka 1983 bila ufadhili wa michezo, akitunza vifaa vya timu. Mwaka 1987 alichaguliwa wa 5 kwenye drafti ya NBA.