Mbuzi Chomboni na Mbuzi Kisiwani



Mto Mirongo hupita katikati ya mji wa Mwanza na kumwaga maji yake katika ziwa Nyanza. Sisi watu wa pande hizi hatuoni ajabu kumwona mbuzi chomboni. Vyombo viendavyo visiwani huchukua watu na mizigo yao, na mara nyingine mbuzi wawili watatu waliofungwa kamba shingoni. Huyu anapelekwa kuwa mahari, huyu anakwenda kuuzwa, na yule ni mbuzi wa mtoto aliyepewa na babu yake, naye hakubali kumwacha nyuma. Tumezoea hata hatuulizi: mnyama huyu asiyependa kulowa kwato ameingiaje katika safari za majini, naye ametenda nini huko alikopelekwa? Leo twataka kusimulia habari zake, kwa kuwa ndani yake mna fundisho kwa kila mwenye kufuga.

Tuanze na ziwa letu. Katika siku za kale watu wa Nyanza walisafiri kwa mitumbwi ya kupiga kasia, na mingine ilikuwa ya mbao zilizoshonwa kwa kamba. Henry Stanley alipofika Kageyi, karibu na Mwanza, mwezi wa Februari mwaka 1875, alikuwa na mashua yake iitwayo Lady Alice, iliyochukuliwa na wapagazi vipande vipande kutoka pwani ya bahari. Lakini mashua moja haikutosha kuwavusha watu wake na mizigo yao, ikambidi aazime mitumbwi kwa Lukonge, mtemi wa Ukerewe. Baadaye, katika mwaka 1900, meli William Mackinnon ilishushwa majini Kisumu, na katika mwaka 1928 reli ikafika Mwanza. Zikaja meli kubwa zaidi, na mnyama aliyepakiwa Mwanza jioni akaweza kushushwa Bukoba asubuhi.

Chombo kiwe kidogo au kikubwa, kanuni ya kumtunza mbuzi ndani yake ni ile ile. Hawezi kwenda malishoni, basi malisho lazima yamjie. Majani hukatwa nchi kavu kabla ya safari, nayo hufungwa juu, kwa maana mbuzi hukataa chakula kilichokanyagwa na kuchafuliwa. Hupewa maji safi, huwekwa mahali pakavu penye kivuli, na kamba yake huwa fupi asije akatumbukia majini au akatafuna mizigo ya watu. Tena mwenye chombo huhesabu: chombo hiki chaweza kuchukua wangapi, wala asizidishe. Mbuzi wa chomboni, basi, huishi kwa mkono wa mtu na kwa hesabu.

Kanuni hiyo mabaharia wa dunia waliijua tangu zamani. Merikebu za matanga zilikaa baharini miezi mingi, na maziwa hayakupatikana ila kwa kuchukua mnyama mwenye kuyatoa. Ng'ombe ni mkubwa, hula sana. Mbuzi ni mdogo, hula takriban kila kitu. Yuko mbuzi jike mmoja wa Kiingereza aliyezunguka dunia yote mara mbili. Mara ya kwanza alikuwa katika merikebu Dolphin ya Kapiteni Wallis, tangu mwaka 1766 hata 1768. Mara ya pili katika merikebu Endeavour ya Kapiteni Cook, tangu 1768 hata 1771. Dolphin ilipofika Tahiti katika mwaka 1767, wenyeji walipanda juu ya merikebu kutazama, na mmoja wao akapigwa pembe kwa nyuma na mbuzi. Alipogeuka na kumwona mnyama asiyemjua amesimama kwa miguu miwili tayari kurudia, alijitupa baharini, na wenzake wote wakamfuata! Mbuzi yule aliyezunguka dunia aliporudi Uingereza aliheshimiwa sana, hata mwanachuoni Samuel Johnson akamtungia maneno ya sifa kwa Kilatini. Alikufa katika mwaka 1772.

Hiyo ni habari njema ya mbuzi aliyefungwa na kulishwa. Sasa sikilizeni habari ya mbuzi aliyefunguliwa. Katika bahari ya Atlantiki kiko kisiwa kiitwacho Saint Helena. Mwanzo wa karne ya 16 mabaharia wa Kireno waliacha mbuzi huko, ili merikebu zipitazo zipate nyama. Kisiwa kilikuwa na msitu, wala hapakuwa na chui wala fisi. Mbuzi wakazaana, na Mwingereza Thomas Cavendish alipofika katika mwaka 1588 aliwakuta maelfu. Miti mikubwa hawakuiangusha. Lakini kila mche uliochipua waliula. Basi miti ya kale ilipozeeka na kuanguka, haikuwapo michanga ya kushika mahali pake. Charles Darwin alipopita huko katika mwaka 1836 alieleza jambo hilo hilo: msitu ulikuwa umekwisha, wala watu wa kwanza hawakuona ukiisha, kwa sababu kilichokufa mbele ya macho yao kilikuwa ni kimche tu.

Wala watu hawakujifunza upesi. Katika mwaka 1959 wavuvi waliacha mbuzi 3 tu katika kisiwa cha Pinta, katika visiwa vya Galápagos, na baada ya miaka michache wakawa maelfu kwa maelfu, wakakimaliza kijani cha kisiwa.

Tukisikia hayo twaweza kudhani kwamba mifugo na kisiwa haviwezi kukaa pamoja. Sivyo, na ushahidi uko hapa hapa kwetu. Kaskazini ya Ukerewe kuna kisiwa cha Ukara, ambacho eneo lake halizidi sana kilomita za mraba 80, na watu wake ni wengi tangu zamani. Maafisa wa kilimo walioandika habari za Ukara katika mwaka 1936 walistaajabu kwa waliyoyaona. Wakara hawakuachia mifugo yao izurure. Ng'ombe walifungwa ndani ya nyumba, katika zizi lililochimbwa kama shimo, wakaletewa majani yaliyokatwa. Nyasi zenyewe zilipandwa kando ya vijito na ukingoni mwa ziwa. Miti ilipandwa, na kila mti ulikuwa na mwenyewe. Samadi ilitolewa shimoni ikapelekwa mashambani, na katikati ya uwele walipanda marejea ili kuirudishia ardhi nguvu. Kwa njia hiyo shamba lilimwa mwaka hata mwaka bila kuchoka.

Je, hamwoni kwamba Wakara walifuga katika kisiwa kama mtu afugavyo katika chombo? Mnyama kafungwa, malisho yamemjia, tena yamehesabiwa. Walitambua kwamba kisiwa ni chombo kisichokwenda: kina ukingo pande zote, na aliye ndani yake hana pengine pa kuhamia. Na chombo kina kipimo. Tulikumbushwa hayo kwa uchungu tarehe 20 Septemba 2018, wakati kivuko MV Nyerere, kikitoka Ukerewe kwenda Ukara, kilipopinduka karibu na gati kikiwa kimezidiwa na watu na mizigo, wakafa watu zaidi ya 220. Chombo kikizidiwa huzama kwa dakika moja. Nchi ikizidiwa huzama polepole, mche kwa mche, hata anayeizamisha hajui.

Wazee walisema, mbuzi hula kwa urefu wa kamba yake. Lakini mbuzi hajifungi mwenyewe. Kamba imo mkononi mwa mwenyewe. Basi wewe uliye kisiwani, na wewe uliye kwenye vilima vya mawe vya Mwanza, ukiwa na mbuzi watano au hamsini, wakatie majani, panda miti ya kuwalisha, uizungushie boma miche yako michanga. Na mtoto anayempeleka mbuzi wake ng'ambo, amshike kamba vizuri hata baada ya kushuka chomboni.