Mafiga, Dohani na Pumzi ya Moto: Khabari za Jiko la Kuni katika Nchi ya Mpanda

Neno jiko limekaa vinywani mwa watu tangu kabla ya lugha yetu kuitwa Kiswahili. Wingi wake wa kale ni meko, ambao watokana na ma- kuungana na -iko, irabu mbili zikawa e. Na mahali pa kupikia paitwa mekoni hata leo. Wakikuyu husema riiko, Wabemba ishiko, Wazulu iziko. Kadhalika figa, yaani jiwe mojawapo katika yale matatu yanayobeba chungu, ni neno la kale sana. Kiganda wasema essiga, na Kikuyu ihiga, na mlinganyo huo si wa bahati, kwa kuwa figo yetu ni ensigo kwa Waganda na higo kwa Wakikuyu; sauti zimegeuka kwa kanuni ile ile. Kwa Waganda neno hilo lilipanda cheo hata likawa jina la tawi la ukoo. Kwa Wakikuyu lilipanuka likawa jiwe lo lote. Sisi tumebaki na jiwe la jikoni, pamoja na ndugu yake jifya, wingi mafya, ambalo kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 imelihifadhi, lakini vijana wa leo hawalijui.

Basi mtu akiyapanga maneno ya jikoni katika mafungu mawili ataona jambo la kumshangaza. Moto, kuni, moshi, kaa, jivu, jiko na figa ni ya Kibantu. Dohani latokana na neno la Kiarabu lenye maana ya moshi, tanuri nalo limetujia kwa njia ya Kiarabu, na kiberiti ni neno la Kiarabu la madini ya salfa. Wako waliotazama mafungu hayo wakasema kwamba watu wa bara walijua moto wala hawakujua dohani. Kwamba walipika kwa mafiga matatu na kuvumilia moshi kwa sababu hawakuwa na maarifa ya kuutoa. Kusudi langu katika makala hii ni kuonyesha kwamba maneno hayo si kweli, na kwamba kosa hilo lina madhara hata leo, hususa katika mji kama Mpanda, ambako majiko mapya yanapelekwa kwa watu walio na ujuzi wao wa kale.

Shanwe ni kata mojawapo ya Manispaa ya Mpanda, katika mkoa wa Katavi uliotengwa na mkoa wa Rukwa mwaka 2012. Nchi iliyouzunguka mji huo ni ya miombo, na wenyeji wake wa kale ni Wabende, Wakonongo, Wapimbwe na wengineo. Kusini yao wako Wafipa, nao walikuwa wafua chuma mashuhuri. R. C. H. Greig mwaka 1937, na R. Wise mwaka 1958, walieleza kazi yao katika jarida la Tanganyika Notes and Records. Wafipa walijenga tanuri la udongo, ilungu, wingi wake malungu, lenye kimo cha mita tatu hivi. Chini yake waliacha matundu kuizunguka nguzo yote, wakatia mirija ya udongo. Ndani walipanga makaa na mawe ya chuma, tabaka juu ya tabaka. Wala hawakuvuta mivukuto. Mivukuto ilitumika baadaye, katika tanuri dogo liitwalo kintengwe, wakati wa kusafisha chuma. Ilungu lilijipuliza lenyewe: hewa iliyopata moto ndani ya nguzo ilikuwa nyepesi, ikapanda, nafasi yake ikachukuliwa na hewa baridi iliyoingia kwa matundu ya chini, na kwa kadiri nguzo ilivyokuwa ndefu, ndivyo mvuto ulivyozidi.

Hiyo ndiyo dohani. Jina la Kiarabu hawakuwa nalo, walakini kitu chenyewe walikijenga kirefu kuliko dohani nyingi za nyumba za pwani. Kazi hiyo ilififia katika karne ya 20, majembe ya kigeni yalipojaa madukani, lakini magofu ya malungu bado yasimama Ufipa kwa ushahidi.

Kwa nini basi watu walioweza kuuvuta moshi juu mita tatu kwa ajili ya chuma, waliuacha utambae jikoni? Jawabu ni kwamba moshi ulikuwa na kazi. Katika nyumba ya miti na nyasi, moshi ulipenya paa na kulikausha, ukawafukuza bungua na mchwa. Juu ya mafiga palikuwa na uchaga. Mbegu za mahindi zilizowekwa hapo hazikuliwa na fukusi. Nyama na samaki walikaushwa hapo. Moto huo huo ulikuwa taa ya usiku na joto la asubuhi katika miezi ya Juni na Julai, ambayo katika nyanda hizo si ya mchezo. Dohani ingeliyachukua yote hayo, na sehemu ya joto pia, ikayatupa nje. Nasema hivi bila kuusifu moshi. Uliwaumiza watu macho na vifua zama zile kama uumizavyo leo. Ila ulikuwa mshahara uliolipwa kwa kazi iliyoonekana, na nyasi za paa zilikuwa na matundu elfu ya kuutolea.

Mambo yaligeuka kwa njia mbili, nazo zilikwenda pamoja. Kwanza, nyumba. Madini ya risasi ya Mukwamba, yaliyochimbwa na kampuni ya Uruwira Minerals, yalileta reli kutoka Kaliua, kiasi cha kilomita 210, nayo ikafika Mpanda mwaka 1950. Mgodi ulifungwa mwaka 1960, lakini reli ilibaki, na mji ukabaki pamoja nayo. Katika miaka iliyofuata nyumba za matofali na mabati zilienea pole pole. Bati halihitaji moshi, wala halina tundu la kuupitisha. Mwanamke aliyehamisha mafiga yake matatu kutoka chini ya nyasi akayaweka chini ya bati hakubadili upishi wake hata kidogo. Nyumba ndiyo iliyobadilika juu ya kichwa chake. Moshi ukapoteza kazi zake zote, ukabakiwa na madhara peke yake.

Pili, masafa ya kuni. Katika enzi ya Waingereza, kwa sababu ya malale, serikali iliwakusanya watu wengi wa nchi za magharibi, waliokuwa wametawanyika porini, wakae katika makazi makubwa. Jambo la namna hiyo lilirudi wakati wa Operesheni Vijiji katika miaka ya 1970. Makazi ya wakimbizi wa Burundi yalifunguliwa Katumba mwaka 1972 na Mishamo mwaka 1978. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 564,604 katika mkoa wa Katavi. Ile ya 2022 ilihesabu 1,152,958. Watu wakitawanyika, kuni ziko nyuma ya nyumba. Watu wakikusanyika, kila mwaka msitu hurudi nyuma hatua chache, na hatua hizo hutembewa na mwanamke mwenye mzigo kichwani.

Hapo ndipo pameingia lile linaloitwa jiko banifu. Neno hili lastahili kutazamwa na wanalugha. Limetungwa kutokana na bana kwa kiambishi -ifu, kwa mfano wa -kamilifu na -danganyifu, na maana yake ni jiko libanalo matumizi ya kuni. Ni neno zuri, lakini latazama upande mmoja tu. Halisemi lo lote juu ya moshi. Jiko laweza kubana kuni na bado likaijaza nyumba moshi. Tena mpishi akiziba sana mlango wa hewa, kuni zitadumu, lakini zitafuka badala ya kuwaka. Neno la serikali la siku hizi, nishati safi, latazama upande wa pili. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, wataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wakitumia nishati hiyo ifikapo mwaka 2034. Banifu na safi si kitu kimoja, na anayeyachanganya maneno hayo atawaahidi watu afya na kuwaletea akiba ya kuni tu. Utafiti mkubwa uliofanywa Malawi, Chikhwawa na Karonga, na kutangazwa mwaka 2017, uliwafuata watoto zaidi ya 10,000. Majiko ya kuni yaliyotengenezwa vizuri zaidi hayakupunguza homa ya mapafu kwa watoto hao. Karonga si mbali na mpaka wetu.

Hata hivyo, walio wengi pembezoni mwa miji yetu watapika kwa kuni kesho asubuhi, na mengi yaweza kufanywa kwa jiko lililopo. Kwanza ni ukavu. Kuni mbichi yaweza kuwa maji kwa nusu ya uzito wake. Katika kilo moja ya kuni kama hiyo mpishi ana nusu kilo ya mti na nusu lita ya maji, na maji hayo sharti yachemshwe yote kabla hayajachemka yale ya chunguni. Kilo moja ya kuni iliyokauka vema, yenye maji sehemu moja kwa tano, hutoa joto karibu mara mbili. Aliyebeba kilo 20 za kuni mbichi amebeba lita 10 za maji kutoka porini, na kama angalibeba maji hayo kwa ndoo angalau yangalimfaa. Kwa hiyo kuni hupasuliwa mapema, kwa maana mti hukauka upesi zaidi kwa pande zilizopasuliwa kuliko kwa ganda, na hupangwa juu ya magogo, mbali na udongo, chini ya kipaa kinachopitisha upepo.

Pili ni pumzi. Mti hauwaki wenyewe. Ukipata joto hutoa hewa, na hewa hiyo ndiyo iwakayo ikawa ndimi za moto. Isipowaka yote, iliyobaki twaiita moshi. Moshi ni kuni iliyopotea. Moto wa mafiga hupata hewa nyingi mno pande zote, upepo ukauchukua moto pembeni mwa chungu. Ndiyo maana sehemu kubwa ya joto lake haifiki kwenye chakula. Mpishi hodari hukinga upande wa upepo, huweka kuni nyembamba chache zikikutana kwa ncha, naye huzisukuma kidogo kidogo badala ya kurundika magogo. Larry Winiarski, Mmarekani wa Oregon, alianza katika miaka ya 1980 kutengeneza lile jiko liitwalo la roketi: kuni huingia chini kwa ncha, na moto hupanda katika nguzo fupi iliyozungushiwa kitu kisichopitisha joto, ndipo ukutane na chungu. Sidai kwamba aliwaiga Wafipa. Lakini mtu akilitazama jiko hilo baada ya kulijua ilungu, ataliona kuwa ni mjukuu wake kwa sura: nguzo ndiyo inayovuta hewa, na joto linalofungwa ndani ndilo linaloichoma moshi kabla haujatoka. Fundi wa Shanwe aweza kulijenga kwa udongo na matofali, na laiti angelielezwa kwa mfano wa malungu badala ya mfano wa roketi, angelielewa siku ile ile.

Jiko lenye dohani lataka matunzo ambayo mafiga hayakuyataka. Masizi hushika ndani ya bomba, zaidi sana kwa kuni mbichi, tena huambatana na utomvu mweusi kama lami. Yakikusanyika huziba njia, au huwaka yenyewe siku moja na kuunguza paa. Basi hukwanguliwa mara kwa mara, na bomba lipitapo katika nyasi au mbao sharti liachiwe nafasi kubwa. Mawe nayo yana hatari yake. Jiwe lililolala mtoni lina maji ndani. Likitiwa motoni maji hugeuka mvuke na jiwe hupasuka kwa kishindo. Kwa sababu hiyo katika nchi nyingi za miombo watu walipendelea mabonge ya kichuguu, ambayo hayapasuki. Figa moja haliinjiki chungu, walisema wazee, na wanasiasa wetu wameuazima usemi wa mafiga matatu katika kampeni zao; lakini hata matatu yasiposimama sawa, chungu hupinduka, na mtoto aliye karibu ndiye apatwaye.

Makaa yana adui asiyeonekana. Seredani iliyowashwa ndani ya chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na walalao nayo huenda wasiamke. Watu wengi hudhani kwamba kwa kuwa makaa hayana moshi hayana madhara, na dhana hiyo imeua watu wengi. Dirisha liachwe wazi, na seredani itolewe nje kabla ya kulala.

Lililobaki ni jivu. Katika jivu lililoonekana kufa kaa laweza kuishi usiku kucha, wengine husema hata siku ya pili, na ndivyo wazee walivyouhifadhi moto pasipo kiberiti, wakilifukia kaa jioni na kulifukua alfajiri. Desturi ile ile iliyowapa moto wa asubuhi huunguza nyumba za leo, mtu akilizoa jivu na kulitia katika ndoo ya plastiki, au kulimwaga penye majani makavu nyuma ya ukuta. Sharti litiwe katika chombo cha chuma au shimo la mchanga, limwagiwe maji, likorogwe, kisha liguswe kwa nyuma ya mkono kabla ya kupelekwa shambani.