Lori la Mjomba Lirudishwe Mwaka Gani?

Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Mbacha wangu mimi nimeukuta Makambako, nyuma ya nyumba ya mjomba wangu. Umesimama juu ya magogo, hauna taa wala kioo cha mbele, na kuku wawili wanatagia chini ya kiti cha dereva. Ni lori.

Mwaka jana wanunuzi wa vyuma chakavu walifika pale na mizani yao kwa mara ya tatu. Bei yao ni ya kilo, na lori halina kilo chache. Watoto wa mjomba walikwisha kukubali. Paa la nyumba linavuja, ada za wajukuu zinadaiwa, na chuma kile kinaliwa na kutu kila masika. Aliyekataa ni mjomba peke yake. "Hili lilibeba mafuta ya Zambia," alisema, na wote waliomsikia wakaona mzee anatafuta kisingizio. Ndipo nikapigiwa simu mimi, mwandishi wa habari wa ukoo, nije nithibitishe kama maneno hayo ni ya kweli.

Kabla sijalifikia lori lenyewe, yafaa niwakumbushe vijana hayo mafuta ya Zambia yalikuwa mafuta gani.

Zambia ilipata uhuru Oktoba 24, 1964. Ni nchi isiyo na bahari, na wakati ule reli yake ilielekea kusini, ikapita katika Rhodesia, ambayo leo ni Zimbabwe. Shaba ilitokea huko, na mafuta yaliingilia huko huko. Novemba 11, 1965, serikali ya walowezi ya Ian Smith ilijitangazia uhuru ili Waafrika, ambao ndio wengi, wasishike madaraka. Desemba ya mwaka huo Rhodesia iliwekewa vikwazo vya mafuta, nayo ikajibu kwa kuyakata yale yaliyokuwa yakipita kwake kwenda Zambia. Taifa lenye umri wa miezi 14 likajikuta linapimiwa petroli kwa kibaba.

Ndege za kijeshi za Uingereza na Kanada zilisaidia kubeba mapipa, lakini ndege hubeba kidogo na gharama yake ni kubwa. Mzigo mzito uliiangukia barabara: Dar es Salaam, Morogoro, Mikumi, Iringa, Makambako, Mbeya, Tunduma, kisha ndani ya Zambia hadi Kapiri Mposhi na miji ya migodi ya shaba. Ni safari ya zaidi ya kilomita 1,500, na sehemu kubwa ilikuwa udongo mtupu. Kiangazi vumbi lilimficha aliyekutangulia. Masika gari lilizama mpaka kwenye ekseli. Wazungu waliiita Njia ya Jehanamu. Malori yalikwenda na mapipa ya mafuta, yakarudi na shaba.

Mwaka 1966 Tanzania na Zambia ziliunda kampuni ya pamoja ya uchukuzi, Waitalia wakiwa na hisa ndani yake, na malori ya Fiat yakaingia barabarani kwa wingi. Mwaka 1968 bomba la TAZAMA, lenye urefu wa kilomita 1,710 kutoka Dar es Salaam hadi Ndola, lilianza kupitisha mafuta. Lami nayo ikafika mwanzoni mwa miaka ya 1970, na mwaka 1976 reli ya TAZARA, kilomita 1,860, ikakabidhiwa rasmi. Kwa hiyo wakati ule mgumu, ambapo uhai wa jirani yetu ulining'inia juu ya matairi, haukuzidi miaka mitatu.

Leo bomba lipo, reli ipo, barabara ipo. Malori yenyewe yako wapi? Katika Makumbusho ya Taifa pale Dar es Salaam yametunzwa magari waliyopanda viongozi, na ni vizuri yakatunzwa. Lori la mapipa sijalikuta humo.

Wenzetu wa Uingereza walianzisha chama cha wapenzi wa magari ya kale ya kazi mwaka 1958, na tangu mwaka 1962 malori na mabasi yao makongwe yamekuwa yakitembea kwa msafara kutoka London hadi Brighton. Katika mji wa Leyland, ulikozaliwa ule moshi mweusi wa malori tuliyoyajua wengi, kuna jumba la makumbusho ya magari ya namna hiyo lililofunguliwa mwaka 1983. Mtu mzima na akili zake hununua lori bovu, akalifungua skrubu moja moja, akatumia miaka kulifufua, wala si kwa ajili ya kubebea mzigo. Kwetu mtu wa namna hiyo tungemwita mwehu. Lakini hatua ya kwanza ya kazi hiyo haihitaji fedha. Inahitaji kulitambua lori: ni la nani, na ni la lini.

Nilimtafuta fundi mmoja mzee ambaye amekaa gerejini tangu kabla sijazaliwa. Alinipa darasa tukiwa njiani. "Usiamini kichwa," alisema. "Kichwa hubadilishwa kama kofia. Wala usiamini jina la mbele, maana ndilo huibwa kwanza."

Kisha akanifundisha kusoma. Scania ikiwa imeandikwa Scania-Vabis, jua ni ya kabla ya miaka ya 1970, maana hilo jina la pili liliachwa mwishoni mwa miaka ya 1960. Mercedes yenye pua, ile iliyoandikwa 911 au 1113, namba yake ni maelezo kamili: 9 ni tani za gari pamoja na mzigo wake, na 11 ni nguvu ya farasi 110, 11 na 13 vivyo hivyo, tani 11 na farasi 130. Albion ya Scotland utaijua kwa jua linalochomoza kwenye rejeta. Injini ya Leyland iliyoandikwa 680 inakuambia ujazo wake kwa inchi za Kiingereza, yaani kama lita 11 hivi. Kumbe muda wote tuliokuwa tukipishana na malori hayo, yalikuwa yakijitaja majina, nasi hatusikii.

Tulipofika kwa mjomba niliamkia, "Shikamoo mjomba." "Marahaba mjomba," akajibu, "umeniletea hakimu?" Akavuta kigoda, akakaa kututazama.

Fundi alimimina mafuta ya taa kwenye tambara, akachukua brashi ya waya. Mbele ya kichwa cha lori palikuwa na matundu ya skrubu yaliyopangika kwa upinde, kushoto na kulia. Akasema hapo palikuwa na masharubu ya bati linalong'aa, pambo la Fiat 682. Mimi nikataja kwamba usukani uko kulia, naye akacheka kwa kuwa kwetu kila lori usukani wake uko kulia. Ila alinieleza jambo ambalo sikulijua: Italia huendesha upande wa kulia wa barabara, lakini kwa miaka mingi malori yao mazito yaliwekwa usukani kulia vilevile, ili dereva aone ukingo wa korongo anapopanda milima. Gari lililotengenezwa kwa kuhofia milima ya Alpi likaja kupanda Kitonga na usukani wake pale pale.

Ndani ya kichwa, chini ya tabaka la rangi na mavi ya kuku, kulikuwa na kibati kidogo. Tulikisugua polepole. Kikasoma: 682 T3.

Hapo, msikilizaji, ndipo mambo yalipoharibika. Fundi alifafanua kwamba Fiat 682 ilianza kutengenezwa mwaka 1952, na aina hii ya tatu ilitoka mwaka 1962. Iliendelea kutengenezwa kwa ajili ya Afrika hadi mwaka 1988, na Waitalia wenyewe waliiita mfalme wa Afrika. Yenye herufi N ni lori la kawaida la dizeli, lenye bodi mgongoni. Yenye herufi T ni kichwa cha kuvuta tela. Lakini hadithi ya mjomba, tuliyoisikia tangu utotoni, ni kwamba alipanga mapipa mgongoni mwa lori hili na kulala juu yake. Kichwa cha kuvuta tela hakina mgongo.

Watoto wa mjomba walitazamana. Fundi hakusema neno, akaingia uvunguni na tochi. Akatuonyesha, nyuma kidogo ya kichwa, kovu la kuchomelea kwenye chesisi, upande huu na huu, limeshikizwa kwa mabamba na bolti. Chesisi ilikatwa na kuongezwa urefu. Akafunua injini. Haikuwa ya Fiat. Juu ya mfuniko wake herufi zilisomeka wazi: LEYLAND.

Nilimgeukia mjomba nikiona haya kwa niaba yake. Alikuwa anaangalia mikono yake. "Lile la mapipa ni jingine," alisema hatimaye. "Lilikuwa Fiat kama hili. Mimi nilikuwa utingo, nina miaka 17. Hili nililinunua mwaka 1979, linavuta tela. Injini ikafa mwaka 1984. Spea hakuna, fedha za kigeni hakuna. Tukatoa Leyland kwenye gari lililopinduka, tukaipandikiza. Tela nikaliuza, tukarefusha chesisi, tukajenga bodi ya mbao, nikabeba mahindi na mbao mpaka mwaka 2001. Lakini kila nikikaa kwenye usukani huu, naona barabara ile ya kwanza. Miaka imezichanganya gari zangu mbili zikawa moja."

Sidhani kama mzee alisema uongo. Kumbukumbu ya mtu ni kama gereji ile ile: kipande cha hapa hufungwa kule ili safari iendelee. Kazi ya kibati ni kumsahihisha mzee, na kazi ya mzee ni kukisemea kibati, maana kibati hakijui kulala porini siku nne ukisubiri matope yakauke.

Tangu siku hiyo jambo la kuuza halikuzungumzwa tena kwa sauti, bali lilizuka jingine. Mtoto mkubwa wa mjomba, naye ni fundi magari, alipata hamu ambayo hakuwa nayo. Akataka atafute injini ya Fiat, aikate ile nyongeza ya chesisi, arudishe masharubu ya bati, lori liwe kama lilivyotoka kiwandani. Mjomba akamwuliza swali moja: "Ulirudishe mwaka gani?"

Ndugu msikilizaji, swali hilo ndilo lililonifanya niandike mazungumzo haya. Kukarabati kitu cha kale ni kuchagua mwaka. Ukilirudisha lori hili lilivyotoka Italia, umechagua mwaka ambao sisi hatukuwa na sehemu ndani yake. Fiat safi za namna hiyo Waitalia wanazo na wanazitunza. Fiat yenye moyo wa Leyland na mgongo uliorefushwa Makambako, katika mwaka ambao nchi nzima ilikuwa inatafuta spea kama mtu anayetafuta maji jangwani, itatunzwa na nani kama si sisi? Lile kovu la kuchomelea ndilo ukurasa wetu katika kitabu cha lori hilo.

Hata hivyo nisieleweke vibaya. Si kila kiraka ni historia; viraka vingine ni uzembe tu. Breki zilizofungwa kwa waya zisiachwe kwa kisingizio cha ukale, na tairi lililopasuka halina heshima yoyote. Aidha, mwanawe naye ana hoja: lori lisiloeleweka halipendwi na mtu, na kisichopendwa huishia kwenye mizani. Wamekubaliana kwamba masharubu yatafutwe na yarudi, Leyland ibaki, na kovu lipakwe rangi ya kuzuia kutu bila kufichwa.

Kwa yeyote mwenye mzigo kama huo nyuma ya nyumba, namsihi asipige msasa wala rangi kabla ya kusoma. Weka karatasi juu ya namba ya chesisi, pitisha penseli kwa ulalo, namba itajichora yenyewe. Fanya hivyo kwa injini, giaboksi na difu, maana kila kimoja huenda kilizaliwa mahali pake. Piga picha kila matundu ya skrubu. Kwangua rangi mahali padogo kama sarafu, uhesabu matabaka yake. Tunza kadi ya gari hata kama imeliwa na mende. Kisha kaa na mzee aliyeliendesha, andika maneno yake kama alivyoyasema, hata yale yanayopingana na kibati. Hasa hayo.

Paa la mjomba tumelichangia mabati, kila mtu kwa uwezo wake, ili lori lisiuzwe kwa ajili ya mvua. Ada bado ni mjadala. Kuku wamehamishwa, nao hawajaridhika. Injini imezungushwa kwa mkono na imekubali kugeuka, lakini haijawaka. Wenye mizani nao bado wanapita barabara ile ile ya Zambia, na mwezi uliopita walipunguza mwendo walipofika usawa wa nyumba. Mjomba alikuwa kwenye kiti cha dereva, akawapungia mkono waendelee na safari.