Maji Umechemsha, Lakini Dawa ya Magugu Bado Iko Ndani? Cheki Vile Kaboni Inaidaka

Umechemsha maji, yakapoa, ukajaza chupa. Kwa bakteria, uko fiti. Kwa dawa ya magugu, zii. Chukua atrazini, ile hupigwa kwa mashamba ya mahindi: haipai na mvuke, so maji yakipungua kwa sufuria, yenyewe inabaki. Klorini nayo inamaliza viini, lakini atrazini inaiacha tu.

Inafikaje kwa glasi yako?
Mvua inaisomba kutoka shamba hadi mtoni. Ingine inazama polepole hadi kwa kisima.

Kiasi gani ni noma?
WHO imeweka kikomo cha mikrogramu 100 kwa lita, Marekani 3, Ulaya 0.1 pekee. Ulaya ilikataa kuiidhinisha tena 2004.

Kaboni inafanya nini?
Inaishika kwa uso wake, vile vumbi hushika skrini ya simu. Uso ukiwa mkubwa, inashika mob. Hapo ndio nano inaingia. Grafini ni karatasi ya kaboni yenye unene wa atomu moja. Ilitenganishwa Manchester 2004, na waliofanya hivyo wakapewa Nobel 2010. Kwa hesabu, gramu moja ina uso wa mita mraba 2,630, zaidi ya theluthi ya uwanja wa mpira! Atrazini ina umbo la pete bapa, so inalala vizuri juu ya pete za kaboni na kunata hapo.

Ngori iko wapi?
Moja, glifosati inapenda maji sana, so kaboni ya kawaida inaihangaikia. Mbili, hizi chembe zenyewe hutaki kuzimeza. Aina moja ya mirija ya kaboni, mirefu na migumu, iliwekwa 2014 kwa orodha ya vitu ambavyo huenda vinaleta saratani. Ndio maana watafiti huzibandika kwa chujio, ama huzipatia sumaku ndio zivutwe zitoke. Tatu, kaboni ikijaa, haishiki kitu tena.

Wewe ufanye nini saa hii?
Chujio la kaboni amilifu, ile ya kawaida, linapunguza atrazini. Badilisha kichujio kwa wakati. Usiweke makaa ya jiko, hayajatengenezewa hiyo kazi. Bado chemsha, juu kaboni haiui viini. Kisima kikiwa karibu na shamba, peleka maji maabara yapimwe. Na ukipiga dawa, usioshee pampu mtoni: kuna msee huko chini anateka ya kunywa.