Hospice Africa Uganda: Tiba ya Maumivu Hadi Kitandani

Septemba 1993, katika nyumba ya kuazima kwenye eneo la Hospitali ya Nsambya, Kampala, Hospice Africa Uganda, hospisi ya kuwatunza wagonjwa wasiotarajiwa kupona, ilianza kupokea wagonjwa. Mwanzilishi wake, Dkt. Anne Merriman, alikuwa na wahudumu wachache na fedha za miezi mitatu tu. Wagonjwa wengi wa saratani walifika hospitalini ugonjwa ukiwa umeshaenea, wakaambiwa warudi nyumbani. Huko walikesha wakiugulia, na ndugu zao hawakuwa na la kuwapa.

Merriman alitokea Nairobi Hospice, alikokuwa mkurugenzi wa tiba. Kabla ya hapo, akiwa Singapore, alishirikiana na wafamasia kutengeneza mofini, dawa ya maumivu makali, iliyo rahisi na ya kunywa: unga wa mofini, maji na kihifadhi. Serikali ya Uganda ilipokubali unga huo uingizwe nchini, kazi ikaanza. Mgonjwa hunywa dozi yake kila baada ya saa nne, bila kungoja maumivu yarudi. Hupewa pia dawa ya kulainisha choo, kwa kuwa mofini hufunga choo.

Baadaye makao makuu yalihamia Makindye, na mwaka 1998 yakafunguliwa matawi Mbarara na Hoima. Wauguzi walikwenda vijijini kwa gari, wakiwahudumia wagonjwa majumbani mwao na wengine kandokando ya barabara.

Lakini mofini haitolewi bila cheti, na madaktari wa kukiandika walikuwa wachache, tena wengi wao wakiwa mijini. Mwaka 2004 Uganda ilibadilisha kanuni zake: wauguzi na maafisa tabibu waliosomea tiba shufaa, yaani tiba ya kumtuliza mgonjwa asiyetarajiwa kupona, wakaruhusiwa kuandika mofini. Hapo Uganda iliitangulia Afrika nzima.

Serikali iliikabidhi pia hospisi kazi ya kutengeneza mofini ya kunywa kwa ajili ya nchi nzima. Mgonjwa huipata bure. Hutiwa rangi kulingana na nguvu yake: ya kijani ni nyepesi, ya waridi ni kali zaidi, ili hata asiyejua kusoma asikosee chupa.

Dkt. Merriman alifariki dunia Kampala mwezi Mei 2025, akiwa na umri wa miaka 90. Ametuachia ushahidi kwamba nchi isiyo tajiri inaweza kuwatuliza wagonjwa wake. Kinachohitajika ni unga, maji safi, serikali iliyo tayari kulipia, na sheria inayomwamini muuguzi.