Nani Mwenye Wimbo? Wakusanyaji wa Nyimbo za Filamu za Kihindi, Gerezani na Kariakoo

Utangulizi

Sisi wanafunzi wa fasihi tumezoea kudhani kwamba mhakiki ni mtu aliyesoma nadharia, akaandika tasnifu, akapewa cheti. Makala hii inadai kwamba katika jiji la Dar es Salaam, hasa katika mitaa ya Gerezani na Kariakoo, walikuwepo wahakiki wa aina nyingine, na wachache wao wapo hadi leo. Ni mafundi wa magari, makarani, washona nguo na wauza vipuri. Walikusanya santuri na kanda za nyimbo za filamu za Kihindi, wakazisikiliza, wakazibishania miaka nenda miaka rudi. Nitaeleza kwanza historia ya mapenzi hayo, kisha namna ubishi wao ulivyokwenda, na mwisho nitaligusa swali linalotusumbua madarasani: je, Mswahili aliyetia maneno yake katika mahadhi ya Kihindi aliiba? Kwa maoni yangu swali hilo halijibiki bila kuwasikiliza wakusanyaji hao.

Kutoka Bombay hadi Msimbazi

Uhusiano wetu na santuri za India ulianza kabla ya filamu kupata sauti. Mwaka 1928 Siti binti Saad wa Unguja alisafiri hadi Bombay kurekodi nyimbo zake kwa kampuni ya HMV. Miaka 3 baadaye, 1931, ndipo ilipotoka Alam Ara, filamu ya kwanza ya India yenye sauti, nayo ilikuja na nyimbo ndani yake. Tangu hapo filamu ya Kihindi bila nyimbo ikawa kitu cha nadra. Kwa hiyo wimbo wa filamu ulipofika pwani yetu ulikuta masikio yamekwisha kuzoea sahani ya santuri, na ulikuta pia njia ya biashara kati ya Bombay na Afrika Mashariki iko wazi.

Katika Dar es Salaam wimbo huo ulikuwa na uwanja wa kuvuka. Mpango wa mji ulioanzishwa na Wajerumani na kuendelezwa na Waingereza uliwatenga wakazi kwa rangi: Wazungu upande wa bahari, Wahindi katikati penye maduka, Waafrika Kariakoo. Kati ya Uhindini na Kariakoo paliachwa uwanja mtupu, Mnazi Mmoja. Majumba ya sinema kama Empire, Avalon, Odeon na Empress yalikuwa ng'ambo ya pili. Mtu wa Gerezani aliyetaka kuona picha la Kihindi aliuvuka uwanja kwa miguu, akapanga foleni, na pengine akamwangukia mlanguzi wa tiketi. Baada ya onyesho alirudi kwa njia ile ile, lakini safari hii na wimbo mdomoni. Wakoloni walitenga nyumba, mahadhi yakawapita.

Hapa kuna jambo ambalo kijana wa leo, mwenye simu mkononi, hana budi kulikumbuka. Tanzania Bara haikuwa na televisheni mpaka mwaka 1994, ingawa Zanzibar ilianza kuwa nayo miaka ya 1970. Kabla ya video kuenea katika miaka ya 1980, filamu ilionyeshwa, ikaondoka, basi. Kitu pekee cha filamu ambacho mtu wa kawaida aliweza kukichukua hadi nyumbani kilikuwa wimbo. Aliyenunua santuri ya Awara (1951), Mother India (1957) au Sangam (1964) alinunua kumbukumbu. Sindano ikigusa sahani, yule Raj Kapoor wa Awara, mtoto wa hakimu aliyekataliwa na babaye akakulia katika wizi, alirudi chumbani. Hadithi yenyewe haikuwa ngeni kwetu. Msomaji wa Utengano ya Said Ahmed Mohamed (1980) atakubali kwamba baba mkali anayemsukuma mwanawe kwenye upotevu kwa jina la heshima ni mtu anayefahamika vizuri katika pwani hii.

Santuri za zamani za kasi ya 78 zilibeba wimbo mmoja kila upande, dakika 3 hivi. Filamu yenye nyimbo 8 ilihitaji sahani 4, na sahani zenyewe zilivunjika kama vigae. Kwa hiyo ukusanyaji ulikuwa kazi ya ujirani: mwenye gramafoni mmoja, wasikilizaji ua mzima. Kaseti ndiyo iliyobadilisha mambo. Mwaka 1968 serikali iliunda Kampuni ya Filamu Tanzania, na uingizaji wa filamu ukawekwa mikononi mwa umma. Ukata wa fedha za kigeni wa mwanzoni mwa miaka ya 1980 ukaleta uhaba wa kila kitu, tangu sabuni hadi filamu mpya. Wakati huo huo huko India kaseti za bei nafuu, hasa za T-Series, zilikuwa zikiuvunja utawala wa HMV. Biashara ilipolegezwa na Mzee Ruksa alipoingia madarakani 1985, kanda zilimiminika Kariakoo. Asiyeweza kununua kanda halisi alipeleka kanda tupu kwa mwenye mashine mbili, akarekodiwa. Kisheria hilo lina utata wake. Kihistoria ndilo lililoufanya wimbo wa Bobby (1973) au Disco Dancer (1982) uingie katika chumba cha mpangaji asiye na mali yoyote ila kitanda, jiko la mchina na redio kaseti.

Ubishi wa barazani

Katika nchi za Magharibi wakusanyaji wa muziki wa filamu hupenda zaidi ule unaopigwa chini ya matukio, kama kazi za Ennio Morricone au John Williams. Gerezani haikuwa hivyo. Huku mtu alikusanya nyimbo, na alipokusanya nyimbo alikusanya sauti za watu.

Katika filamu ya Kihindi anayeonekana akiimba kwa kawaida si anayeimba. Mwigizaji huchezesha midomo, na sauti ni ya mwimbaji aliye nyuma ya pazia: Lata Mangeshkar, Mohammed Rafi, Mukesh, Kishore Kumar. Mtazamaji wa kawaida hudanganyika. Mkusanyaji hadanganyiki, na hapo ndipo uhakiki unapoanzia. Nimeusikia ubishi wa namna hii katika kijiwe cha kahawa, wazee wawili wakisikiliza kanda iliyochakaa:

"Huyo Mukesh."

"Aa wapi, sheikh wangu! Mukesh pumzi zake hazifiki huko. Huyo Manna Dey."

"Manna Dey ndani ya picha la Raj Kapoor? Lini?"

"Shree 420 umeiona wewe, au umesimuliwa?"

"Basi lete kanda."

Mukesh ndiye aliyekuwa sauti ya kawaida ya Raj Kapoor, lakini si ya pekee. Katika Shree 420 (1955) Manna Dey aliimba pia. Mzee wa pili alikuwa na hoja. Lakini tuangalie zaidi lile neno la mwisho: lete kanda. Ubishi wa Simba na Yanga, ambao mitaa hii ndiyo kitovu chake, huweza kuisha kwa kelele tu. Huu ulidai ushahidi, na mwenye hazina kubwa ya kanda ndiye aliyekuwa kadhi.

Katika darasa la fasihi simulizi tunaulizwa: fanani ni nani? Wazee hawa wangejibu kwamba wimbo mmoja una mafanani wengi. Wimbo mkuu wa Awara una Shailendra aliyetunga maneno, Shankar na Jaikishan waliotunga muziki, Mukesh aliyeimba, na Raj Kapoor aliyeutembeza mitaani kwa mwili wake. Mkusanyaji humpa kila mmoja haki yake, na huweza kusema filamu fulani "muziki mzuri, maneno matupu". Hiyo ni hukumu ya kihakiki, hata kama msemaji ana oili ya gari mikononi.

Jambo jingine walilolishughulikia ni lile ambalo wataalamu huliita nuskha. Mara nyingi wimbo ulifupishwa ili utoshe katika santuri, na ndani ya filamu ulikuwa na ubeti zaidi. Aliyeona filamu Avalon aliapa kwamba kuna ubeti umekatwa, na aliyekuwa na santuri tu alikataa. Sisi tunasoma kwamba nuskha za Al-Inkishafi hutofautiana kwa idadi na mpangilio wa beti, na tunawasifu walioketi kuzilinganisha. Wazee hawa nao walilinganisha. Tofauti ni kwamba nuskha zao zilikuwa za plastiki.

Sanduku la mjomba

Mjomba wangu, fundi wa vyuma Gerezani, ana kanda zipatazo 300 katika sanduku la bati. Nyumba ya ukoo imeuzwa ili ghorofa ipande, kama ilivyo kawaida ya Kariakoo ya sasa, na ndugu kadhaa wameshauri kanda zitupwe. "Zinapigwa wapi hizo siku hizi?" wanauliza. Mimi nimeanza kuziorodhesha katika kaunta buku. Karatasi ya kila kanda ameandika kwa mkono jina la filamu, mwimbaji, na mahali alipoinakili. Pembeni kuna alama: nyota kwa wimbo anaoupenda, na mkwaju mmoja kwa wimbo ambao, kwa maneno yake, "umewekwa ili watu wakanunue karanga". Maana yake ni wimbo usiosukuma mbele kisa. Mjomba hakusoma Aristotle, lakini anajua tukio lisilo na kazi katika msuko.

Nilimuuliza kama anaelewa Kihindi. Alicheka. "Maneno machache tu, mwanangu. Lakini wimbo naujua ulikaa wapi. Mama amekufa, mvua inanyesha, mtoto hajaambiwa. Sasa hapo unataka mkalimani wa nini?" Katika jibu hilo kuna nadharia nzima ya mapokezi. Maana ya wimbo kwake haitoki katika kamusi. Inatoka mahali wimbo ulipowekwa katika hadithi. Ukiutenga wimbo na tukio lake unabaki na sauti tamu, na sauti tamu peke yake mjomba haipi nyota.

Wizi au utungaji?

Sasa tuje kwenye swali lenyewe. Mwimbaji anayetajwa sana katika mjadala huu ni Mohamed Khamis Juma Bhalo wa Mombasa, aliyefariki mwaka 2014. Alijulikana pwani nzima kwa kuimba taarabu kwa mahadhi ya nyimbo za filamu za Kihindi. Mashairi yake mengi yalitungwa na binamu yake, Ahmad Nassir, yule wa diwani ya Malenga wa Mvita (1971). Tazama basi hali yenyewe: diwani tunaisoma Chuo Kikuu kama kilele cha ushairi wa kimapokeo, lakini shairi la mshairi huyo huyo likiimbwa kwa mahadhi ya Bombay, wengine husema si letu tena.

Dharau kwa wimbo wa filamu haikuwa yetu peke yetu. Mwaka 1952 redio ya serikali ya India ilizibana nyimbo za filamu kwa kuziona hazina hadhi, wasikilizaji wakahamia Radio Ceylon, na mwaka 1957 redio hiyo ikalazimika kuanzisha idhaa ya burudani iliyozipa nafasi. Kwetu, Mwalimu Nyerere alilalamika mwaka 1962, na kwa haki kabisa, kwamba tulifundishwa dansi za wageni tukasahau ngoma zetu. Lakini kutoka katika lalamiko hilo la haki wengine wamezaa hukumu nyepesi: chochote chenye asili ya nje ni kasumba.

Hoja yangu ni hii. Wizi huhitaji giza, na mwizi hutaka mwenye mali asijue. Hadhira ya Juma Bhalo ilikuwa na watu kama mjomba, ambao baada ya vina viwili vya kinanda hutaja filamu, mwaka na mwimbaji. Mbele ya hadhira kama hiyo mahadhi ya kuazima hayawezi kufichwa. Yanakuwa sehemu ya maana. Msikilizaji anasikia shairi la Kiswahili la kuachwa na mpenzi, na chini yake anakumbuka tukio la filamu lilikotoka sauti hiyo, kisha anapima: yamelingana, au yamegombana? Mshairi wa Kiswahili anayejibu shairi la mwenzake kwa vina vile vile haitwi mwizi, kwa sababu sote tunalijua shairi lililojibiwa. Amri Abedi alituandikia sheria za vina na mizani mwaka 1954. Sheria ya kuazima mahadhi haikuandikwa na mtu, ila ilisimamiwa na wakusanyaji.

Ni kweli kwamba haki za watunzi ni suala jingine, na Shankar na Jaikishan hawakupelekewa senti kutoka barazani. Silipuuzi hilo. Ninachokataa ni kulitumia suala la malipo kufuta suala la sanaa.

Hitimisho

Soko la Kariakoo liliungua Julai 2021, na nchi nzima ikahesabu hasara ya bidhaa. Hazina ninayoizungumzia huteketea bila moshi: mkanda unaganda, karatasi inaliwa na mende, na mzee aliyejua ubeti uliokatwa anazikwa na ubeti wake. Kila likizo tunatumwa vijijini kukusanya methali na vitendawili, na ni kazi njema. Lakini kati ya Mlimani na Gerezani ni nauli ya daladala moja au mbili tu. Napendekeza kwa walimu na wanafunzi wenzangu mradi mdogo: tuorodheshe kanda za mitaa hii pamoja na maandishi ya wenyewe, turekodi ubishi wao kama tunavyorekodi ngano, na mjadala wa mahadhi ya kuazima uingizwe katika somo la ushairi. Atakayepinga hoja zangu namkaribisha katika toleo lijalo. Ila, kwa kufuata sheria ya barazani, alete na kanda.