Malkia ndani ya mrija

Nimeadimika kidogo, test zilinibana. Leo nawaletea historia ambayo haimo kwenye notisi za kozi yoyote: watu kufuga sisimizi nyumbani. Ndiyo, kufuga, kama paka.

Kwetu Ulemo, kule Iramba, ukimwambia bibi habari hii atakuuliza kama chuo kimekuharibu akili. Sisimizi anayemjua yeye ni yule anayebeba mtama ulioanikwa uani, punje moja moja, na akionekana anafagiwa. (Simsemi mchwa jamani. Mchwa ni yule anayekula boriti, na undugu wake uko karibu zaidi na mende.)

Sasa huko Uingereza alikuwepo bwana mmoja, John Lubbock, mwenye benki na mbunge, jirani yake Charles Darwin. Miaka ya 1870 aliwafuga sisimizi katikati ya vioo viwili vyenye udongo kidogo, aone wanavyoishi chini ya ardhi. Akawatia alama za rangi ili awatambue. Halafu, hii ndo nimeipenda, akawalewesha! Wale wazima wakawabeba walevi wa kundi lao mpaka nyumbani. Walevi wa kundi jingine, wengi wakatupwa majini. Hosteli yetu siku ya bumu haijafikia ustaarabu huo. Kitabu chake kilitoka 1882. Malkia mmoja aliyemchukua mwaka 1874 alikufa 1888.

Shikeni hapo kwa malkia. Mwaka 1956 Mmarekani Milton Levine, wa California, alianza kuuza kiboksi cha plastiki chenye mchanga na sisimizi wa kuangalia. Vikauzwa zaidi ya milioni 20. Ila sheria ya Marekani ilizuia kutuma malkia kwa posta toka jimbo moja kwenda jingine, kwa hiyo mtoto alipata wafanyakazi tu. Miezi michache wamekufa wote, anunue wengine. Lakini kule walikochimbwa mama alibaki shimoni, akaendelea kuzaa.

Wafugaji wa siku hizi wanamtaka mama mwenyewe. Mvua zikianza, malkia wenye mabawa huruka na madume. Dume hufa. Malkia hukata mabawa yake, anachimba peke yake, anajifungia, na mbegu ya siku ile ataitumia kuzaa maisha yake yote. Ukimwokota siku hiyo umeokota kundi zima ambalo halijazaliwa. Mpe kimrija chenye maji na pamba, anasafiri.

Na wanayemtamani sana ni wa huku kwetu Afrika Mashariki: Messor cephalotes, mkubwa, mwekundu, mvunaji wa mbegu. Uingereza malkia mmoja ametajwa kuuzwa hadi pauni 170! Aprili 2025 vijana wawili wa Ubelgiji, miaka 19, rika letu kabisa, walikamatwa gesti huko Naivasha, Kenya, na sisimizi kama 5,000 ndani ya mirija 2,244. Walisema ni kujifurahisha tu, hawakujua ni kosa. Mei 7 mahakama ya Nairobi ikawapa faini ya shilingi milioni 1 ya Kenya kila mmoja au miezi 12 jela. Mvietnamu na Mkenya waliokamatwa na sisimizi kama 400 walipata hukumu hiyo hiyo.

Mimi niko na hakimu. Kujifurahisha gani kwa mirija elfu mbili? Lubbock alitosheka na sisimizi wachache wa vioo vyake. Na wavunaji hawa wana kazi porini: wanasambaza mbegu, mashimo yao yanaingiza hewa na maji ardhini.

Sisi Watanzania tukisikia wizi wa wanyama hai tunawakumbuka twiga waliopandishwa ndege pale KIA mwaka 2010. Mwaka 2016 serikali ikapiga marufuku kusafirisha nje wanyamapori hai. Lakini twiga anahitaji ndege kubwa na watu wengi wa kufumba macho. Huyu malkia anaenea kwenye soksi.

Haya, kipindi cha saa nane kinaanza, acha nikimbie.